Ekra nyeusi: mbele ya kununua karti ya grafiki

Wandugu, ile siku mashini yangu ilipofunga macho, nilikuwa nimebakiza siku 9 tu za kutoa ramani za mashamba ya kahawa kwa koperative moja. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kulipwa tangu nipate lisansi. Mashini yenyewe ni ile kubwa ya mezani, nilinunua okazio. Taa inawaka, vantilateri inazunguka, lakini ekra iko nyeusi tii. Fundi mmoja akaangalia dakika mbili, akasema alimantasio imekufa, ni kusema kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashini. Nikatoa dola 35 ya ingine mupya. Ekra ikabaki vilevile.

Njo hapo nikarudilia mambo ya fakilte. Jani la muhogo likikuwa manjano, inaweza kuwa mozaiki, inaweza kuwa udongo umekosa kitu, inaweza kuwa maji mingi. Haukimbilie dawa. Unaondoa sababu moja moja.

Nikaanza na bure. Ekra na kable yake nikaviunganisha ku laptop ya dada yangu: picha safi. Kwa hiyo shida iko ndani ya sanduku.

Kisha kuna kitu kinachodanganya wengi. Nyuma ya mashini munaweza kukuta nafasi mbili za kuchomeka ekra: moja iko juu, karibu na za USB, ni ya karti mama, ingine iko chini, ni ya karti ya grafiki. Prosesa mingi zina grafiki yake ya ndani, hivyo unaweza kuchomoa karti na kutumia nafasi ya juu. Lakini muangalie jina la prosesa: za Intel zinazoishia na F hazina, na Ryzen mingi za zamani zisizo na G pia hazina. Kwa hizo, ekra nyeusi bila karti haishuhudii kitu.

Nikazima, nikatoa fishi ku ukuta, nikabonyeza batani ya kuwasha sekunde chache kusudi umeme uliobaki uishe, nikagusa chuma cha sanduku, kisha nikachomoa karti. Nikawasha. Picha ikatokea! Kumbe memori, prosesa na hata ile alimantasio ya zamani havikuwa na kosa.

Wakabaki washukiwa watatu: karti, nafasi yake, na kable yake ya umeme. Ile nafasi inatoa wati 75 tu. Karti kubwa zinaomba kable ya ziada ya pini 6 ao 8, na ikilegea, picha haitoke. Yangu ilikuwa imekaza. Nikasugua meno ya dhahabu polepole na gomu ya kufuta penseli, nikapangusa vumbi, nikarudisha karti mpaka nikasikia «tak».

Picha ikarudi, lakini na vimraba vya pinki na kijani kila mahali, tangu ku BIOS, mbele Windows haijaanza. Hiyo njo alama kubwa. Wakati ule piloti, ile programu inayoongoza karti, bado haijaingia, kwa hiyo kosa si la programu. Kama vimraba vingekuja ndani ya Windows peke yake, ningefuta piloti kwanza na kuiweka upya. Kama vingekuja kiisha dakika kumi za kazi nzito, ningeshuku joto: vumbi, vantilateri iliyosimama, ao pasta iliyokauka juu ya chipu.

Bado sikuamini. Nikabeba karti kwa rafiki, nikaiweka ku mashini yake: vimraba vilevile. Yake nikaileta ku yangu: safi kabisa. Jaribio la pande mbili namna hiyo, hata fundi hawezi kulibisha.

Kuna wenye walinishauri niipike karti ndani ya furu. Hapana. Zingine zinaamka siku chache halafu zinakufa tena, na moshi wa plastiki ndani ya furu ya mikate ya familia, asante.

Nikaiacha nje, nikafanya kazi na grafiki ya prosesa. QGIS ilikubali, ila ilikokota miguu kila mara nilipofungua picha za satelite. Ramani nilizitoa siku ya 9, saa kumi za jioni. Fundi alikataa kurudisha dola 35 zangu, na karti mupya sijanunua mpaka leo.