Je, Wajua? Mto Una Miti Yake

Je, wajua kwamba kijito cha msituni hakijilishi chenyewe? Mwaka 1973 wanasayansi wawili wa Marekani, Stuart Fisher na Gene Likens, walichapisha hesabu ya nishati yote inayoingia katika Bear Brook, kijito kidogo cha jimbo la New Hampshire. Zaidi ya asilimia 99 ilitoka nje ya kijito: majani makavu, vijiti na uchafu wa msitu ulioanguka au kuletwa na maji kutoka juu. Wadudu wachanga wa majini huyatafuna majani hayo, samaki huwala wadudu. Ukifyeka miti ya kingo umekinyima kijito chakula, hata kama hujachafua tone moja la maji yake.

Na mto nao hulipa. Huko Hokkaido, Japani, mtafiti Shigeru Nakano na wenzake walipima nani anamlisha nani katika kijito cha Horonai. Wadudu wa nchi kavu waliodondoka majini walikuwa asilimia 44 ya chakula cha samaki kwa mwaka mzima. Wadudu waliozaliwa majini kisha wakaota mbawa na kuruka walikuwa karibu asilimia 26 ya chakula cha ndege wa msitu ule. Ndege walitegemea zaidi wadudu wa mto majani ya miti yalipopukutika, na samaki wakategemea zaidi wadudu wa msitu kiangazi kilipofika. Nakano hakuiona makala ya utafiti huo ikichapishwa mwaka 2001: alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, katika ajali ya boti huko Meksiko.

Je, wajua kwamba kijito chenye miti huwa kipana kuliko kijito cha aina hiyohiyo kinachopita malishoni? Wengi hudhani kinyume chake. Watafiti wa Pennsylvania walipima vijito 16 vya mashariki mwa Amerika Kaskazini na kuandika matokeo yao mwaka 2004. Mahali pasipo na kivuli nyasi hustawi mpaka kwenye maji, hunasa udongo na kuziba mto kutoka pande zote mbili. Maji yaliyobanwa hukimbia, na yanapokimbia hayapati nafasi ya kujisafisha. Chini ya miti mkondo hutanuka na kutulia. Wawili kati yao walipopitia tafiti nyingi zaidi miaka kumi baadaye, walisema ukanda wa miti usipungue mita 30 kila upande.

Sheria zetu zinasemaje? Tanzania, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kenya ni mita 6 hadi 30, zikihesabiwa kwa kufuata kiwango cha juu kabisa ambacho mafuriko yamewahi kufika. Uganda ni mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa kwa jina na 30 kwa mingine. Rwanda, nchi ya vilima ambako kila kipande cha ardhi kina jembe lake, mita 10. Mita zipo, basi. Anayetaka kujua zinavyofuatwa na asimame kwenye daraja lolote la barabara kuu, atazame mahindi na nduma zilipofika.

Je, wajua kwamba mkaratusi, mti unaolaumiwa kwa kukausha mito ya Afrika Mashariki, kwao ni mlinzi wa mto? Uliletwa Kenya mwaka 1902 ili kutoa kuni za treni za reli ya Uganda. Hukua haraka, hunyooka na huuzika kwa nguzo, ndiyo sababu wakulima waliupenda. Tena walielekezwa kuupanda kwenye mabonde yenye chemchemi ili yakauke. Yakakauka. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa Kenya, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji ing'olewe.

Sasa nenda Australia. Kando ya mto Murray upo msitu wa Barmah, sehemu ya msitu mkubwa kuliko yote duniani wa mkaratusi mwekundu wa mtoni. Huko serikali hufungulia maji ya mabwawa kwa makusudi ili miti hiyo ipate mafuriko yake. Kinachong'olewa huko ni mierebi, miti iliyoletwa na wahamiaji kutoka Ulaya, ambayo huziba mikondo na kudondosha majani yote kwa mkupuo, jambo ambalo wadudu wa mito ya Australia hawakulizoea. Mierebi hiyohiyo, Ulaya na Amerika, ndiyo miti ya kwanza kupandwa kingo zinapotengenezwa. Kwa hiyo swali la “mti gani ni mzuri kwa mto” halina jibu mpaka utaje mto.

Afrika Kusini ilifanya kazi ya kukata kuwa ajira. Mpango ulioanzishwa mwaka 1995, Kader Asmal akiwa waziri wa maji, umekuwa ukiwalipa watu wasio na kazi, maelfu kwa maelfu kila mwaka, wafyeke miwati, misonobari na mikaratusi iliyovamia mito na vyanzo vya maji. Ajabu kidogo, kwetu sisi tuliozoea kusikia kwamba kuhifadhi ni kupanda tu: huko mhifadhi huja na msumeno.

Na mathenge je? Mti huo wa Amerika, uliopandwa Kenya kuzuia jangwa, umemeza kingo na malisho ya Baringo na bonde la Tana. Maganda yake matamu huharibu meno ya mbuzi wakiyala kupita kiasi. Wailchamus wa Baringo walipoishtaki serikali, mbuzi kibogoyo alipelekwa mahakamani kama kielelezo.

Tufike kwa mkuyu, maana ndipo penye mengi.

Je, wajua kwamba mkuyu hauchavushwi na nyuki wala upepo, bali na nyigu mdogo mwenye urefu wa milimita chache tu, anayezaliwa ndani ya kuyu na kufia ndani ya kuyu jingine? Kila aina ya mtini, jamii ya mkuyu, ina nyigu wake. Ndani ya makuyu kuna hata tapeli: nyigu wa ukoo uleule wa mchavushaji, anayeingia, anataga mayai, lakini chavua habebi. Wamisri wa kale walikuwa na mikuyu lakini hawakuwa na nyigu. Wakulima wakagundua kwamba tunda likikwaruzwa kwa kisu huiva ndani ya siku chache, na miti mipya wakaipata kwa kupanda matawi. Majeneza yao mengi yalichongwa kwa mbao za mkuyu.

Mwaka 2009 watafiti walichunguza mikuyu ya mto Ugab, mto wa msimu unaokatiza jangwa la Namib nchini Namibia. Miti iko mbalimbali mno. Kwa kupima vinasaba walikuta kwamba nyigu, ambao uhai wao hauzidi saa 48, walikuwa wamebebwa na upepo na kupeleka chavua umbali wa hadi kilomita 160. Mkuyu mmoja uliobaki peke yake ukingoni, basi, usiukate kwa kudhani hauna mwenza.

Mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Husambazwa na popo, hondohondo na nyani, wanaokula huku na kuangusha kule. Lakini mwenye haraka hana haja ya kuwasubiri: tawi nene la mkuyu likichomekwa katika udongo wenye unyevu huchipua. Waganda hufanya vivyo hivyo na mutuba, mtini unaowapa nguo za magome.

Wangari Maathai, aliyeanzisha vuguvugu la Green Belt mwaka 1977, alisimulia katika kitabu chake juu ya mugumo, ndugu wa mkuyu, uliokuwa karibu na kwao Ihithe. Mama yake alimkataza kuokota kuni chini yake kwa kuwa ni mti wa Mungu. Jirani na mti kulikuwa na kijito alikocheza na viluwiluwi. Baadaye mti ulikatwa, na kijito kikakauka. Maelezo yake hayakuwa ya kiroho peke yake: mizizi ya mtini hupenya kwenye miamba mpaka kwenye maji ya chini, na maji hupata njia ya kupanda juu.

Je, wajua mti unaopukutisha majani masika na kuchanua kiangazi? Ni mkababu, jamii ya migunga ya kandokando ya mito. Ng'ombe wanapokosa nyasi, mti huo ndipo unapoangusha maganda yake. Tembo wanalijua hilo tangu zamani.

Kuna mito ambayo kuipandia miti peke yake ni kazi bure. Kando ya Tana huota mpopla wa Kenya, ndugu wa karibu wa mpopla wa mto Frati huko Iraki. Wapokomo walichonga mitumbwi kwa mbao zake. Mbegu zake huhitaji matope mapya yaliyoachwa na mafuriko, na mafuriko hayo yamepungua tangu mabwawa ya juu yajengwe, Kindaruma mwaka 1968, Masinga 1981, Kiambere 1988. Katika vipande vya msitu huo wanaishi mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana, kima wa aina mbili wasiopatikana mahali pengine popote duniani, wote wakiwa katika hatari kubwa ya kutoweka. Hapo dawa haiko kitaluni. Iko kwa mwenye ufunguo wa milango ya bwawa.

Lakini miti ya kingo haileti mbu? Swali hilo huulizwa kila kijiji, na ni la haki. Jibu lake huwashangaza wengi. Mbu mkuu wa malaria, Anopheles gambiae, hupenda kidimbwi kinachopigwa na jua. Huko Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba vijiji vilivyopakana na mabonde yaliyofyekwa mafunjo na kulimwa vilikuwa na joto zaidi, na mbu hao zaidi majumbani, kuliko vile vilivyoachiwa mafunjo yake. Katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, kivuli cha majani ya tembo kilipunguza viluwiluwi vya mbu wa malaria katika mitaro.

Mbung'o, hata hivyo, ni habari nyingine, na mhifadhi asiyeitaja hasemi kweli yote. Mbung'o wa mtoni hukaa kwenye vichaka vya kingo. Malale anayoyaeneza yaliua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, na Gavana Hesketh Bell akaamuru watu wahamishwe ufukweni. Kwa miaka mingi serikali za kikoloni zilifyeka vichaka ili kumnyima mdudu kivuli. Leo Uganda na Kongo hutundika kando ya mito vitambaa vidogo vya bluu vilivyotiwa dawa; mbung'o huvutwa na rangi hiyo, hugusa na kufa. Kichaka kinabaki.

Je, wajua kwamba nchi iliwahi kuingia gizani kwa sababu ya kinamasi? Kaskazini mwa Rwanda, kinamasi cha Rugezi hulisha Ziwa Burera, na Burera huzungusha mitambo ya umeme ya Ntaruka. Kinamasi kilikaushwa na kulimwa, kina cha ziwa kikashuka, na mwaka 2004 Rwanda ikawa inakodi majenereta ya dizeli kwa gharama kubwa. Serikali ikawatoa wakulima kinamasini na kupanda mianzi na nyasi pembezoni. Maji yakarudi, na korongo taji pamoja nayo. Mwaka 2010 Rwanda ilipewa tuzo ya kimataifa kwa kazi hiyo. 

Nairobi ilichagua kulipa. Asilimia 95 ya maji ya jiji hutoka Tana ya juu, na tangu 2015 upo mfuko unaochangiwa na kampuni na mashirika ili mkulima wa kule juu aache ukanda wa kijani kando ya mto, apande nyasi za kunasa udongo na achimbe vidimbwi vya maji ya mvua. Kwa maoni yangu huu ndio mpango wenye akili zaidi kati ya yote niliyoitaja, kwa kuwa mkulima haombwi kujitolea shamba lake bure.

Huko Kesennuma, Japani, wavuvi ndio walioanza. Mfugaji wa chaza Shigeatsu Hatakeyama aliona chaza wake wakiharibika na maji machafu, akapanda mlimani na wenzake mwaka 1989 kupanda miti kwenye chanzo cha mto unaomwaga maji katika ghuba yao. Mwaka 2012 Umoja wa Mataifa ulimtambua kuwa shujaa wa misitu, yeye mtu wa baharini.

Na mwisho, wajua kinachoua miche mingi ya kingo? Midomo ya ng'ombe na mbuzi. Kenya imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na Tanzania ina siku yake ya kupanda miti; picha za viongozi na jembe tunazo za kutosha. Uzio hauna picha nzuri. Lakini ukingo ambao haujavamiwa na mathenge wala lantana, ukizuiwa mifugo misimu kadhaa, mara nyingi hujipanda wenyewe, kwa mbegu zilizomo matopeni na zile wanazoleta ndege. Anza na miba, nguzo au katani, acha njia moja ya mteremko mpole kwa ajili ya kunyweshea, au vuta maji mpaka kwenye hori lililo mbali na ukingo. Miche ya mkuyu, mkangazi na mkindu nunua baada ya hapo, ya kuziba mapengo tu.