Kusikiliza Nako Kuna Gharama

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa shule ya upili aliniuliza swali nililolijibu kwa haraka, nami nikalikosea. Alikuwa amesikia habari za vifaa vidogo vya kupima joto la ghala au unyevu wa shamba, ambavyo hupeleka vipimo vyake kwa mawimbi ya redio kwa mwaka mzima na zaidi, vikitumia betri moja bapa mfano wa sarafu. Je, mbona redio ya kwao nyumbani humaliza betri zake kwa majuma machache tu? Nikamwambia kuwa vifaa hivyo hupeleka mawimbi dhaifu, na kwa hivyo havili umeme mwingi.

Jibu hilo lina ukweli nusu. Aghalabu sisi hudhani kwamba anayechoka ni yule anayesema, wala si yule anayesikiliza. Hebu tuzitazame takwimu. Chipu ya redio iitwayo nRF52832, ya kampuni ya Nordic Semiconductor ya Norway, hutumia takriban miliampea 5.3 inapopeleka mawimbi yenye nguvu ya miliwati moja. Inapopokea hutumia miliampea 5.4. Yaani kusikiliza kwaweza kugharimu sawasawa na kusema! Mawimbi yanayoifikia antena huwa hafifu mno, na ili yatambulike sharti yachujwe, yakuzwe, kisha yalinganishwe na mawimbi ambayo chipu yenyewe huyazalisha muda wote inaposikiliza. Kazi hiyo hufanyika hata pasipo mtu wa kusema lolote.

Sasa mwalimu wa hisabati na atusaidie. Betri ya aina ya CR2032 ina uwezo wa takriban miliampea-saa 220. Chipu hiyo ikiachwa isikilize bila kukoma, gawanya 220 kwa 5.4, betri itakwisha baada ya saa 41 hivi. Na kwa kweli mapema zaidi, maana betri hizi hazikuundwa ili zikamuliwe mfululizo. Lakini chipu iyo hiyo ikilala, ikabakisha saa yake tu inayohesabu, hutumia maikroampea 1.9. Kwa hesabu ile ile hiyo ni zaidi ya miaka 13, laiti betri yenyewe isingezeeka.

Kumbe basi kazi kubwa ya mbunifu wa redio hizi ni kupanga usingizi! Utaratibu wa Bluetooth ya umeme mdogo, uliotolewa mwaka 2010, umejengwa juu ya miadi: vifaa viwili hupatana wakati wa kukutana, kila kimoja huizima redio yake, kisha huamka pamoja, hupashana habari kwa milisekunde chache, na kulala tena.

Lililonistaajabisha zaidi ni kwamba miadi hutaka saa nzuri. Ndani ya vifaa hivi mna kipande cha jiwe la kwatsi, kama kile cha saa ya mkono, kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. (Mwanafunzi na aigawe namba hiyo kwa 2 mara 15 aone kitakachobaki.) Kipande cha kawaida chaweza kukosea kwa sehemu 20 katika milioni, yaani karibu sekunde 1.7 kwa siku. Kwetu sisi wenye kuchelewa mikutano hilo si kitu. Lakini chukua vifaa viwili vilivyopeana miadi baada ya sekunde 1,000, saa ya kimoja ikikimbia na ya kingine ikichelewa: tofauti yao yaweza kufika milisekunde 40. Mpokeaji asiyetaka kumkosa mwenzake hana budi kuamka mapema kwa kiasi hicho na kukisikiliza kimya, ilhali ujumbe wenyewe huenda ukachukua milisekunde moja au mbili. Saa mbovu, basi, hula betri.

Kwa miaka mingi nimefundisha mawimbi katika wiki moja na betri katika nyingine, nisizikutanishe kamwe. Juma lililofuata niliandika ubaoni 5.4 na 1.9, nikakiri kosa langu, nikawaachia wanafunzi hesabu. Yule aliyeuliza mwanzo akainua mkono tena: je, kifaa kikiikosa miadi kabisa itakuwaje? Nikamwambia, safari hii bila haraka, kwamba kitalazimika kukaa macho kikisikiliza hadi kiisikie tena sauti ya mwenzake, na hakuna saa inayokigharimu zaidi ya hiyo.