Je, Wajua? Mmea wa Dawa na Mfuko wa Kijiji

Je, wajua kwamba Lesotho ndiyo iliyotangulia Afrika kutoa leseni za kulima bangi ya dawa, mwaka 2017? Wanakijiji waliokuwa wakiilima kwa magendo kwa miaka mingi hawakuzimudu ada za leseni. Zao lilipohalalishwa, wenye mitaji wakachukua mashamba na mkulima wa zamani, akibahatika, akapata kibarua.

Na kibarua chenyewe hakina mizizi. Canopy Growth ya Kanada ilinunua kampuni ya Lesotho mwaka 2018. Mwaka 2020 ikatangaza kuondoka.

Je, wajua kwamba majirani zetu Watanzania wamekwisha kuingia kwenye kilimo hiki? Malawi, ng'ambo ya mto Songwe ukiwa Kyela, ilipitisha sheria Februari 2020. Zambia, hatua chache kutoka Tunduma, ilifuata 2021. Rwanda nayo imeruhusu kilimo cha kuuza nje tu.

Desemba 2020 kamisheni ya Umoja wa Mataifa ilipiga kura kuiondoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya zenye masharti makali kuliko zote: 27 ndiyo, 25 hapana.

Nchini Tanzania bangi bado ni marufuku. Sheria ya mwaka 2015 inambana mkulima, na mwenye shamba anayeruhusu ilimwe hasalimiki. Shamba la magendo pia haliiletei halmashauri ushuru hata senti moja, wakati zao halali la biashara hutozwa ushuru wa mazao, ambao mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Fedha hiyo ndiyo inayotazamiwa kujenga zahanati na madarasa.

Je, wajua kwamba Nyanda za Juu Kusini zina mmea wao halali wenye kemikali ya thamani? Ni pareto. Wakulima wa Umalila, Mbeya, na wa vilima vya Mufindi huchuma kwa mkono maua meupe yenye kitovu cha njano, yakiwa yamechanua vizuri, kisha huyaanika. Sumu ya kuulia wadudu imo kwenye ua, na ua likivunda, thamani yake inashuka. Kiwanda cha kukamua sumu hiyo kipo Mafinga, wilaya hiyohiyo ya Mufindi. Hapo ndipo tofauti ilipo: mkulima wa nusu eka anaweza kuuza bila leseni ya maelfu ya dola, na sehemu ya usindikaji inafanyika karibu na nyumbani. Kenya ilikuwa ikiongoza duniani kwa pareto, ikaporomoka baada ya wakulima kucheleweshewa malipo hadi wakang'oa mashamba. Zao linaweza kuwa zuri na mnunuzi asiyelipa akaliua.

Je, wajua kwamba Mgololo, hukohuko Mufindi, inalijua somo hili kwa karatasi? Kiwanda cha Southern Paper Mills kilifunguliwa miaka ya 1980, kikitegemea misonobari ya Sao Hill, huku reli ya TAZARA ikipita jirani. Miaka ya 1990 mashine zikasimama. Mji uliojengwa kuzunguka lango moja hubaki na maduka yasiyo na wateja lango hilo likifungwa. Mwaka 2004 kilichukuliwa na Rai Group ya Kenya na kuwa Mufindi Paper Mills. Kwa maoni yangu, yeyote anayeota ajira za zao jipya la dawa angefika Mgololo kwanza, akawasikilize waliokuwepo miaka ile ya ukimya.

Je, wajua kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanakijiji kauli? Ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 haihamishwi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia.

Ndugu msomaji wa Mufindi, mwekezaji wa zao lolote akifika, hudhuria mkutano huo. Uliza nani atanunua, atalipa lini na kiwanda kitakuwa wapi, na dai mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya watu wote kabla ya sahihi yoyote.