Wiki mbili China: shule au matembezi?

Jamani, wenzetu wanasomea biashara kwa kupanda ndege! Vyuo kadhaa vya Marekani huwapeleka wanafunzi China wiki mbili tatu hivi, mhadhiri mbele kama kuku na vifaranga. Wanatembelea mabenki ya Shanghai na viwanda vya Shenzhen, wanaandika ripoti, wanapata maksi.

Wapo wanaobeza eti ni matembezi tu. Mimi niliyeishia fomu foo nasema, tembea uone! Kitabu kitakwambia Shenzhen ilifanywa eneo maalumu la uchumi mwaka 1980, lakini hakikuonyeshi kiwanda kinavyochapa kazi.

Ila ningekuwa mimi mhadhiri, ningewashusha Yiwu, kwenye soko lenye vibanda kama 75,000, kila mmoja apatane bei ya katoni moja. Hapo ndipo jasho linapotoka!

Wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wanaijua shule hiyo. Wao huenda Guangzhou bila mhadhiri wala cheti. Mwanafunzi akipatana vibaya anakosa maksi. Wao wanapoteza mtaji. Kwa hiyo, msomaji wangu, safari ya kwanza mtafute mzoefu umfuate. Hata Wamarekani wanafuata mwalimu, sembuse wewe?