Kura Ilipoangukia Upande wa Pili

Kama unakaa Tanga unajua kwamba kwenye baraza za kahawa za Ngamiani mpira hauzeeki. Coastal Union ya 1988, iliyotwaa ubingwa wa Bara, huchezwa upya kila jioni, na kila jioni inashinda. Lakini wazee wa Yanga wana mechi yao nyingine, na hiyo husimuliwa kwa sauti ya chini.

Ilikuwa mwaka 1969, robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika, Yanga na Asante Kotoko ya Ghana. Mechi ya kwanza, bao moja kwa moja. Ya marudiano, moja kwa moja tena. Nyumbani na ugenini, hakuna aliyemzidi mwenzake. Mikwaju ya penalti haikuwa kanuni bado, ilipitishwa 1970. Basi ikapigwa kura. Kotoko wakasonga mbele, safari ya Yanga ikaishia hapo.

Usidhani ni Afrika tu. Mwaka 1968 Italia waliingia fainali ya Ulaya kwa kurushwa sarafu mjini Naples, baada ya sare tasa na Umoja wa Kisovyeti. Na Kotoko wenyewe walikuwa na kidonda chao: fainali ya 1967 walitoka sare mara mbili na Englebert ya Lubumbashi, hawakutokea kwenye mechi ya tatu, kikombe kikaenda Kongo.

Kufungwa kuna dawa yake. Unamlaumu kipa, refa, kocha (na sisi watu wa pwani tuna orodha ndefu zaidi, nisiitaje hapa). Kura haina wa kulaumiwa. Ndiyo maana inauma muda mrefu.

Fungua Matendo ya Mitume, sura ya kwanza. Nafasi ya Yuda iko wazi. Petro anataka mtu aliyefuatana nao tangu ubatizo wa Yohane hadi Bwana alipopaa. Wanasimamishwa wawili: Yusufu Barsaba, aitwaye pia Yusto, na Mathiya. Wanasali, wanapiga kura, inamwangukia Mathiya. Yeye tunamwadhimisha kila tarehe 14 Mei. Yusto hatajwi tena.

Nimehubiri habari hii mara nyingi, na karibu kila mara tunamshangilia Mathiya. Hivi karibuni mama mmoja alinijia. Mwanawe alifika hatua ya mwisho ya usaili wa kazi, wamebaki wawili, nafasi moja. Akachukuliwa mwenzake. “Baba,” akaniuliza, “ina maana Mungu amemkataa mwanangu?”

Nilimsomea sura ile taratibu. Angalia, nikamwambia, hakuna mahali inaposema Yusto alikataliwa. Asingesimamishwa kama hakustahili. Ile miaka aliyotembea na Bwana, kuanzia Yordani, kura haikumnyang'anya hata siku moja. Aliyeitwa kwenye nafasi ile ni mmoja. Waliompenda Bwana walikuwa wawili. Na sijaona mstari unaosema kwamba Yusto alihama.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: “Sasa Baba, jioni ile huyo Yusto alirudi nyumbani kwa nani?”

Sikuwa na jibu. Tulikaa kimya kidogo, kisha akaniomba nipite kwao nikaonane na kijana. Nakwenda kesho.