Tarakilishi kuukuu yatosha kuchora bendera kwa maandishi

NI DHANA ya wengi kwamba pasipo intaneti na mashine ya kisasa, mwanafunzi hawezi kujifunza kuandika programu. Katika kaunti kama Wajir, ambako kwa miaka mingi umeme wa mjini ulitegemea jenereta za dizeli, mbali na gridi ya taifa, dhana hiyo yaweza kumvunja moyo hata mwalimu.

Hata hivyo, tarakilishi kuukuu yenye Linux na lugha ya Python, ambazo hutolewa bila malipo, yatosha kabisa. Kinachohitajika ni teminali, lile dirisha la kuandikia amri.

Kwa desturi, dirisha hilo huwa na safu 80 na mistari 24, vipimo vilivyozoeleka kupitia mitambo kama VT100 ya mwaka 1978. Kila kijisanduku hubeba herufi moja, nao mchoro hujengwa mstari baada ya mstari. Wanawake wa Kisomali wanaosuka mikeka ya kufunika nyumba za wafugaji wanaohamahama hawangeshangazwa na utaratibu huo: pambo ni hesabu.

Rangi nazo huitwa kwa namba. Programu hutanguliza alama isiyoonekana, ya 27 katika orodha ya herufi za tarakilishi (33 kwa hesabu ya msingi wa nane), kisha mabano ya mraba, namba ya rangi na herufi m. Kwa usuli, 40 ni nyeusi, 41 nyekundu, 42 kijani na 47 nyeupe. Hizo ndizo rangi za bendera ya Kenya:

for i in 40, 47, 41, 47, 42: print("\033[%dm%s\033[0m" % (i, " " * 30))

Mstari huo mmoja huchora milia mitano, kila mmoja wa nafasi 30. Sifuri ya mwisho hurejesha rangi ya kawaida. Ikisahaulika, rangi huweza kumwagika hadi kwenye amri zinazofuata.

Bendera hiyo ina kasoro. Nyeupe yake huonekana kijivu kwenye mashine nyingi, na namba 107 huitakasa. Aidha, milia myeupe ni minene mno, kwa hivyo ile mingine mitatu sharti irudiwe mara sita sita.

Ngao na mikuki ndiyo kazi yenyewe. Hapo mwanafunzi atahesabu vijisanduku kimoja kimoja, na umeme ukipotea, ataendelea kuvihesabu kwenye daftari la miraba.