Kisukari cha mitokondria

Kisukari cha mitokondria ni aina ya ugonjwa wa kisukari inayosababishwa na hitilafu katika DNA ya mitokondria, na ambayo hurithiwa kutoka kwa mama peke yake. Kwa kuwa mara nyingi huambatana na upungufu wa kusikia, huitwa pia kisukari na uziwi wa kurithi kwa mama. Ni ugonjwa wa nadra: hukadiriwa kuwapata takriban 1% au pungufu ya watu wote wenye kisukari. Hata hivyo kuutambua ni muhimu, kwa sababu hufanana na kisukari cha aina ya 1 au ya 2, ilhali dawa inayowafaa wengi wa wagonjwa hao inaweza kumdhuru mwenye ugonjwa huu.

Mitokondria na utoaji wa insulini

Mitokondria ni oganeli za seli zinazotumia oksijeni kuvunja sukari na mafuta yanayotokana na chakula. Nishati inayopatikana huwekwa katika molekuli iitwayo adenosini trifosfati, kwa kifupi ATP. Mitokondria zina DNA yao wenyewe, mbali na ile iliyomo katika kiini cha seli. DNA hiyo ina umbo la duara, jozi za besi 16,569 na jeni 37. Jeni 13 hutoa maelekezo ya protini zinazoshiriki katika kutengeneza ATP. Zile 24 zilizobaki hutengeneza RNA zinazohitajika ili protini hizo ziundwe.

Katika kongosho, seli za beta huitumia ATP kama kipimo cha sukari iliyomo katika damu. Mtu akila, glukosi huingia katika seli hizo na mitokondria huigeuza kuwa nishati. ATP ikiongezeka, milango ya potasiamu iliyo kwenye utando wa seli hufungwa, chaji ya umeme ya utando hubadilika, kalsiamu huingia, na insulini humwagwa katika damu. Mitokondria zikiwa na hitilafu, ATP haiongezeki ya kutosha. Sukari ipo, lakini seli haipati ishara kamili ya kuwepo kwake, na insulini hutoka kidogo. Kadiri miaka inavyopita, seli za beta zenyewe hudhoofika.

Historia ya utafiti

Mwaka 1962 daktari Rolf Luft na wenzake nchini Uswidi walieleza habari za mwanamke aliyekuwa akila sana na kutoka jasho jingi, lakini akabaki mwembamba. Mitokondria za misuli yake zilichoma chakula bila kuhifadhi nishati ipasavyo. Huo ulikuwa ugonjwa wa kwanza kuhusishwa na mitokondria. Mwaka uliofuata Margit Nass na Sylvan Nass, wakifanya kazi Stockholm, walionyesha kwamba mitokondria zina DNA. Mwaka 1981 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walichapisha mfuatano wote wa DNA ya mitokondria ya binadamu.

Mwaka 1988 hitilafu za DNA hiyo zilithibitishwa kwa mara ya kwanza kuwa chanzo cha maradhi ya misuli na ya neva ya macho. Mwaka 1990 watafiti wa Japani waligundua badiliko katika nafasi ya 3243, ambapo besi ya adenini imechukuliwa na guanini, kwa wagonjwa wenye dalili zinazofanana na kiharusi. Mwaka 1992 badiliko hilohilo lilipatikana Uholanzi katika familia moja kubwa ambayo kisukari na uziwi vilikuwa vikipita kutoka kwa akina mama kwenda kwa watoto. Mpaka sasa ndilo chanzo kikuu cha ugonjwa huu.

Namna ya kurithi

Mtoto hupata mitokondria zake kutoka katika yai la mama. Zile za mbegu ya kiume huharibiwa baada ya utungisho. Kwa hiyo mjomba anaweza kuugua, lakini watoto wake hawaurithi kwake. Watoto wa mama mdogo au mama mkubwa, kinyume chake, wanaweza kuurithi. Ugonjwa wa shangazi au baba mdogo, walio upande wa baba, si dalili ya urithi huu.

Seli moja huwa na nakala nyingi za DNA ya mitokondria, baadhi nzima na nyingine zenye hitilafu. Uwiano wake hutofautiana kati ya ndugu, na hata kati ya viungo vya mtu mmoja. Ndiyo maana ndugu mmoja anaweza kuwa na uziwi tu, wa pili kisukari na uziwi, na wa tatu asionyeshe dalili kubwa. Mama hana kosa lolote katika jambo hili: badiliko hilo halitokani na mwenendo wake wala na alichokula wakati wa ujauzito.

Dalili na utambuzi

Viungo vinavyohitaji nishati nyingi ndivyo vinavyoathirika zaidi. Mara nyingi uwezo wa kusikia hupungua kwanza, kuanzia sauti nyembamba, na kisukari hufuata katika umri wa utu uzima, hasa kati ya miaka 30 na 40. Wagonjwa wengi si wanene. Baadhi hupata pia madoa katika retina, udhaifu wa misuli, maradhi ya moyo au ya figo.

Uthibitisho hutolewa na kipimo cha DNA. Kwa kuwa kiasi cha badiliko katika damu hupungua kadiri umri unavyoongezeka, kipimo cha mkojo au cha misuli kinaweza kuonyesha kile ambacho damu imekificha. Hata mahali ambapo kipimo hicho hakipatikani, kuuliza juu ya uziwi na kisukari katika ukoo wa mama kunaweza kuamsha shaka mapema.

Matibabu na kinga

Hakuna tiba inayoondoa hitilafu yenyewe. Wagonjwa wengi huishia kuhitaji insulini. Metformini, dawa inayotumiwa sana kwa kisukari cha aina ya 2, kwa kawaida huepukwa. Mwaka 2000 tafiti zilionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza kasi ya hatua ya kwanza ya mnyororo wa upumuaji katika mitokondria, na inahofiwa kuwa kwa wagonjwa hawa asidi ya laktiki inaweza kulundikana katika damu. Mgonjwa hapaswi kuacha dawa bila kumwona daktari. Kusikia, macho, moyo na figo huhitaji kupimwa mara kwa mara, na wenye uziwi mkubwa wanaweza kusaidiwa kwa vifaa vya kusikia au koklea bandia.

Mwaka 2015 Bunge la Uingereza liliruhusu utungisho unaotumia mitokondria kutoka katika yai la mwanamke mwingine, ili mama asimrithishe mtoto hitilafu. Mwaka 2025 watafiti wa Newcastle walitangaza kuzaliwa kwa watoto 8 kwa njia hiyo. Kwa wale ambao tayari wanaugua, utambuzi sahihi ndio unaoamua dawa ya kutumia na ndugu wa kupimwa.